Leseni ya utafutaji imeshatoka: je, jamii bado ina nafasi ya kuzuia mgodi?

Swali la msomaji: Kampuni moja imepewa leseni ya kutafuta makaa ya mawe, na tunasikia kwamba baadaye huenda ikatafuta gesi pia, katika eneo lenye ardhioevu na chemchemi zinazotupatia maji sisi pamoja na vijiji vya bondeni. Baadhi ya wazee wetu wameshakutana na wawakilishi wa kampuni na kuweka saini. Vijana wanataka maandamano, wengine wanataka tukusanye saini za kupinga, na wapo wanaosema kwamba serikali imeshaamua, hivyo tunajisumbua bure. Je, kampeni za wananchi huizuia kweli miradi ya namna hii, au huichelewesha tu? Na kwa kuwa nguvu zetu ni chache, tuziweke wapi?

Jibu: Huizuia, na mifano ipo. Hata hivyo, ukizifuatilia kwa makini kampeni zilizofanikiwa katika nchi mbalimbali utagundua kwamba karibu kila mara ilifika siku ambapo mtu mwenye mamlaka, awe jaji, waziri, mjumbe wa jopo la rufaa au ofisa wa mikopo wa benki, alitakiwa atoe uamuzi, na mezani kwake palikuwa na jalada lililompa sababu ya kisheria au ya kifedha ya kukataa. Umati husaidia jalada hilo lisomwe, lakini hauwezi kushika nafasi yake. Kwa hiyo nikianza na swali lako la mwisho, ushauri wangu ni kwamba nguvu zenu chache ziwekwe kwenye kumbukumbu za maandishi na vipimo vya maji, na kazi hiyo ianze sasa, wakati leseni bado ni ya utafutaji, kwa sababu kampuni ikishatumia fedha nyingi kuthibitisha kwamba makaa yapo, serikali na wakopeshaji huanza kuyahesabu kama mapato yaliyokwisha kupatikana.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wengi wa Kiswahili ni wa Lamu, ingawa ulihusu mtambo wa kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe na si mgodi wenyewe. Kampuni ya Amu Power ilikusudia kujenga mtambo wa megawati 1,050 huko Kwasasi, katika kaunti ambayo Mji Mkongwe wake umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitoa leseni mwaka 2016. Umoja wa wenyeji uitwao Save Lamu, pamoja na wenzake, ulikata rufaa mbele ya jopo la kitaifa la mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo hilo likaifuta leseni. Sababu kuu inafaa kusomwa polepole: mikutano iliyofanyika kabla ya utafiti kukamilika ilikuwa ya kuutambulisha mradi tu, na ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ilipokamilika, wananchi hawakupewa nafasi ya maana ya kuisoma, kuielewa na kuitolea maoni. Jopo liliona pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016 haikuzingatiwa. Kampuni ilikata rufaa, na mwezi Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaikataa rufaa hiyo.

Kati ya leseni na hukumu ya pili ilipita miaka tisa, na ndani ya muda huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilijiondoa katika mradi mwaka 2019, ikafuatiwa mwaka 2020 na benki ya China, ICBC, iliyokuwa ikitegemewa kwa mkopo mkubwa. Ndiyo maana sikubaliani sana na wale wanaosema kwa dharau kwamba kampeni "huchelewesha tu". Mradi wa makaa ya mawe huandaliwa kwa hesabu za riba, bei na ratiba. Kila mwaka unaopita bila kuanza huzibadilisha hesabu hizo, na mara nyingi huzibadilisha kwa upande wa jamii.

Umati nao una hadithi yake, na si rahisi kama inavyosimuliwa. Mwaka 2014, katika eneo la Bentley karibu na mji wa Lismore, jimbo la New South Wales nchini Australia, watu kwa maelfu walipiga kambi ili kuizuia kampuni ya Metgasco isichimbe kisima cha gesi. Mwezi Mei serikali ya jimbo ilisimamisha kibali kwa maelezo kwamba kampuni haikufanya mashauriano ya kweli na jamii. Wengi huishia hapo wanaposimulia. Lakini mwaka uliofuata mahakama iliamua kwamba usimamishaji ule haukuwa halali, na mwishowe serikali ikalazimika kuzinunua leseni za kampuni kwa dola milioni 25 za Australia. Uamuzi uliofanywa kwa haraka chini ya shinikizo la umati ulikuwa na msingi dhaifu wa kisheria, ukaanguka.

Kwa nini basi serikali haikuirudisha tu kampuni kazini baada ya kushindwa mahakamani? Kwa maoni yangu, jibu liko katika kazi iliyofanyika kabla ya kambi. Kwa miaka kadhaa wakazi wa ukanda ule walikuwa wamepita barabara kwa barabara, nyumba kwa nyumba, wakimuuliza kila mtu swali moja fupi: je, unataka barabara yako isiwe na visima vya gesi? Majibu yaliandikwa, yakajumlishwa, na jamii moja baada ya nyingine ikawakabidhi viongozi tamko lake. Mwaka 2012, katika kura ya maoni iliyopigwa Lismore sambamba na uchaguzi wa halmashauri, takriban asilimia 87 ya wapiga kura walikataa gesi ya matabaka ya makaa ya mawe. Wanasiasa wa vyama vyote walikuwa na hesabu hizo mkononi.

Hilo ndilo ningewashauri mfanye badala ya karatasi ya saini inayozungushwa sokoni. Karatasi ya saini huonyesha idadi ya waliokubali kusaini na haisemi lolote kuhusu wengine. Hesabu ya nyumba kwa nyumba huonyesha kaya ngapi zipo, ngapi zilifikiwa, ngapi zinapinga, ngapi zinaunga mkono na ngapi hazijaamua, na kadiri mnavyoyaandika kwa uaminifu majibu yasiyowapendeza, ndivyo hesabu nzima inavyoaminika. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, kitongoji, namba ya kaya mliyoipa wenyewe, swali kama lilivyoulizwa, jibu, na jina la aliyeuliza. Majina ya waliojibu yahifadhiwe mahali tofauti, kwa sababu nitakazozieleza mbele.

Sasa nije kwenye maji, maana hapo ndipo hoja yenu ina uzito kuliko pengine popote, na ndipo ninapotumia muda wangu mwingi kazini.

Ili makaa ya mawe yafikiwe, maji yaliyomo katika miamba hupampiwa nje, na kiwango cha maji ya chini ya ardhi hushuka kuzunguka shimo la mgodi. Chemchemi huwa ya kwanza kuonyesha athari, kwa kuwa chemchemi ni mahali ambapo maji ya chini yanafikia uso wa ardhi, na yakishuka hata kwa kiasi kidogo, hukatika. Tatizo la pili huchukua muda mrefu zaidi kuonekana. Pairaiti, madini ya chuma na salfa ambayo mara nyingi hupatikana pamoja na makaa ya mawe, ikikutana na hewa na maji huzaa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo huyeyusha metali nyingine zilizomo mwambani na kuzipeleka mtoni. Kufungwa kwa mgodi hakukomeshi jambo hilo. Katika migodi mingi hapo ndipo maji ya asidi yanapoanza kutoka nje, kwa sababu pampu zimezimwa na maji yamerudi kujaza mashimo mpaka yakafurika. Januari 2012 maji ya asidi kutoka eneo la migodi ya makaa ya mawe yaliingia katika bwawa lililohudumia mji wa Carolina, mkoani Mpumalanga nchini Afrika Kusini, maji ya bomba yakawa hayafai kunywewa, na ilipofika Julai wakazi walikuwa bado wanahitaji amri ya mahakama ili wapatiwe maji safi.

Gesi huleta maswali yake. Gesi iliyomo katika matabaka ya makaa ya mawe hushikiliwa humo na shinikizo la maji, hivyo ili itoke ni lazima maji yavutwe kwanza, na maji hayo mara nyingi huwa na chumvi nyingi inayohitaji mahali pa kupelekwa. Isitoshe, uzalishaji wa gesi ya aina hiyo hauishi kwenye shimo moja. Visima hutawanyika kwa mamia katika eneo kubwa, kila kimoja kikiwa na kiwanja chake, barabara yake na bomba lake, huku kibali mnachoonyeshwa mwanzoni kikiwa ni cha kisima kimoja au viwili vya majaribio ambavyo peke yake havionekani kuwa na madhara makubwa. Kampuni ikianza kuzungumzia gesi, ombeni kwa maandishi idadi ya visima vinavyotarajiwa mradi utakapokamilika na ramani yake, na ikikataa kujibu, hifadhini barua ya kukataa, au kumbukumbu ya kwamba hamkujibiwa.

Hoja zote hizi hazitakuwa na meno kama hamna vipimo vyenu vya tangu kabla ya uchimbaji. Chukulia kwamba miaka mitano ijayo chemchemi imepungua na kampuni inasema kwamba imekuwa ikipungua tangu zamani kwa sababu ya ukame. Mtaonyesha nini? Kazi ya kuanzia ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye chemchemi, tegeni maji yote kwenye ndoo ya lita 20 na mhesabu sekunde zinazopita mpaka ijae; rudieni mara tatu, andikeni zote tatu, kisha tafuteni wastani. Kwenye kisima, teremsheni kamba yenye uzito na alama za mita mpaka iguse maji, asubuhi kabla watu hawajaanza kuteka. Fanyeni hivyo siku ileile ya kila mwezi, na mwandike mvua ilinyesha lini kwa mara ya mwisho. Chagueni vituo vilivyo upande wa juu wa eneo la leseni na vilivyo upande wa chini, kwa sababu vile vya juu ndivyo vitakavyosaidia kutenganisha athari za mgodi na athari za ukame.

Kisha, angalau mara mbili, masika na kiangazi, pelekeni sampuli maabara. Kipimo cha pH (kiwango cha asidi), upitishaji wa umeme (unaoonyesha wingi wa chumvi majini), salfeti, kloridi, sodiamu, chuma na manganizi vinatosha kwa kuanzia. Kama gesi inatajwa, ongezeni methani, yaani gesi yenyewe, iliyoyeyuka majini. Kisima cha pampu kipampiwe kwanza mpaka joto la maji na upitishaji wa umeme vitulie, maana maji yaliyolala ndani ya bomba si maji ya mwambani. Chupa ya methani ijazwe pomoni na kufungwa bila kiputo hata kimoja cha hewa. Lebo iandikwe palepale kisimani: mahali, tarehe, saa, jina la aliyechota. Chupa zikae kwenye barafu, na kila anayezipokea njiani asaini fomu ya makabidhiano akiandika na saa. Watu huona fomu hiyo ni urasimu, lakini vipimo vizuri kabisa vinaweza kukataliwa kwa sababu tu hakuna aliyeweza kueleza chupa zililala wapi usiku mmoja. Kama kuna chuo au mtaalamu wa maji anayeweza kuwasimamia mara ya kwanza, mwombeni, kwani jina lake kwenye ripoti lina thamani kubwa baadaye.

Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ikitoka, itakuwa na mamia ya kurasa na mtapewa muda mfupi. Msianze na muhtasari wa mbele, ambao huandikwa kwa lengo la kuwatuliza wasomaji. Nendeni moja kwa moja kwenye viambatisho. Tazameni tarehe za sampuli za maji: kama zote zilichukuliwa katika msimu mmoja, ripoti haiwezi kudai kwamba inaujua mwenendo wa ardhioevu mwaka mzima. Tazameni sura ya njia mbadala, ambayo mara nyingi huwa na kurasa mbili na hitimisho lililojulikana tangu mwanzo. Tazameni makadirio ya gharama za kufunga mgodi na nani ameweka dhamana. Halafu tafuteni kumbukumbu za mikutano na orodha ya mahudhurio.

Orodha hiyo ya mahudhurio inastahili maelezo. Mtu huja mkutanoni, anasaini ili apate posho ya kikao au chakula, anauliza swali moja kali, anaondoka. Miezi baadaye saini yake inaonekana katika kiambatisho chini ya kichwa cha habari kinachosema jamii imeshirikishwa, na pengine swali lake halimo katika muhtasari. Hakuna haja ya kususia mikutano. Anayesusia hana la kuonyesha. Hudhurieni, sainini, na pembeni ya saini kila mmoja aandike kwa mkono wake: "Nimehudhuria, sijatoa ridhaa." Wekeni mwandishi wenu wa kumbukumbu, na ndani ya siku chache pelekeni nakala ya kumbukumbu zenu kwa kampuni na kwa mamlaka ya mazingira, mkipata mhuri wa kupokelewa. Jopo likija kuuliza kama wananchi walishirikishwa, litakuwa na kumbukumbu mbili za mkutano mmoja, na itabidi lieleze kwa nini linaamini moja na kuiacha nyingine.

Kuhusu wazee walioweka saini, msikate tamaa na msiwageuze maadui. Nchini Afrika Kusini, kampuni ya Shell na mshirika wake walikuwa wamepewa haki ya kutafuta mafuta na gesi baharini karibu na Wild Coast, na walidai kwamba walishauriana na viongozi wa jadi, huku matangazo ya magazetini yakiwa yametolewa kwa Kiingereza na Kiafrikana katika eneo ambalo watu wake huzungumza Kixhosa. Septemba 2022 Mahakama Kuu ya Makhanda iliifuta haki hiyo na kueleza kwamba kuzungumza na watawala wa jadi hakutoshi kuwa mashauriano na jamii zenyewe. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya Rufaa ilikubali kwamba utoaji wa haki hiyo ulikuwa na kasoro, ingawa iliacha njia ya kasoro hizo kurekebishwa. Sheria za nchi hazifanani, lakini hoja hiyo inaeleweka kwingi. Wafuateni wazee kwa heshima, waombeni nakala ya walichosaini, na waulizeni walielezwa nini na kwa lugha gani. Mara nyingi mzee mwenyewe hana nakala, na maelezo yake yaliyoandikwa na kusainiwa kwamba hakupewa ni sehemu nzuri sana ya jalada lenu.

Mtakutana na suala la ajira, na hapa kampeni nyingi hujiharibia zenyewe kwa kuwadharau wanaotaka kazi. Kijana asiye na kipato ana hoja ya kweli. Ulizeni maswali ya hesabu pamoja naye, mbele ya kampuni: nafasi ngapi, za ujuzi gani, kwa miaka mingapi, na ngapi zimeahidiwa kwa maandishi kwa wenyeji? Zikihesabiwa pia kazi zinazotegemea maji yaleyale, za bustani, mifugo na uvuvi, picha huanza kubadilika bila mtu kutukanwa. Katika kesi ya mgodi wa makaa ya mawe wa Rocky Hill, ulioombwa kufunguliwa katika bonde la Gloucester huko New South Wales, Jaji Brian Preston aliona mwezi Februari 2019 kwamba faida za kiuchumi zilizotajwa zilikuwa zimekuzwa, na kwamba mgodi ungekuwa mahali pasipofaa na katika wakati usiofaa. Kikundi cha wakazi kiitwacho Groundswell Gloucester kiliruhusiwa kuingia katika shauri hilo kama mdaawa, kikaleta wataalamu wa tabianchi, na wakazi wa kawaida wakaeleza wenyewe maisha yao bondeni. Maelezo yao yalipimwa kama ushahidi wa athari za kijamii. Wengi hudhani mahakama husikiliza wanasayansi tu, na kwa sababu hiyo hawajiandai kusema jambo ambalo hakuna mwanasayansi anayelijua kuwashinda.

Mahakama yenyewe ina milango inayofungwa kwa tarehe. Nchini Kenya, rufaa ya kupinga leseni ya mazingira hupelekwa kwenye jopo ndani ya siku 60. Kwingine muda ni mfupi zaidi, na wakati mwingine huhesabiwa tangu siku uamuzi ulipotolewa hata kama hamkuambiwa. Kazi ya mtu mmoja katika kamati yenu iwe ni tarehe tu: kwenda ofisi ya madini na ya mazingira mara kwa mara, kuuliza kilichowasilishwa, na kuandika siku aliyouliza na jibu alilopewa. Wakili wa kujitolea atafutwe kabla ya leseni ya uchimbaji kutolewa, kwa maana wakili anayepewa jalada siku ya hamsini na tano hawezi kulisaidia sana.

Msitegemee kwamba hadhi ya eneo italilinda milele. Eneo la Mabola, mkoani Mpumalanga, lilitangazwa kuwa mazingira yanayolindwa mwaka 2014 kwa kuwa liko kwenye vyanzo vya mito ya Tugela, Vaal na Pongola. Miaka miwili baadaye mawaziri wawili waliruhusu mgodi wa makaa ya mawe ndani yake bila umma kujulishwa. Muungano wa asasi nane ulikwenda mahakamani, na mwaka 2018 ruhusa ile ikafutwa. Rufaa za kampuni zikagonga mwamba. Kisha Januari 2021 kiongozi wa serikali ya mkoa aliviondoa baadhi ya viwanja katika hifadhi, na mapambano yakaanza upya. Ningependa kamati yenu ijengwe kwa kudhani kwamba kazi ni ya miaka kumi, yaani viongozi wapokezane, hesabu za fedha zisomwe hadharani, na nakala za jalada zihifadhiwe katika sehemu zaidi ya moja.

Kuhusu maandamano, siyapingi, lakini yasitangulie. Maandamano ya amani, yaliyotolewa taarifa kwa mujibu wa sheria, hufaa zaidi yakipangwa wiki ambayo uamuzi fulani unatarajiwa, huku waandishi wa habari wakikabidhiwa kurasa mbili za hoja zenye tarehe na vipimo. Yakifanyika mapema mno, hutumia nguvu ya vijana na kuwapa polisi majina ya viongozi. Fedha pia ni uwanja wa kampeni: tafuteni nani ataikopesha kampuni, na kama benki hiyo imeahidi kufuata viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha kampuni binafsi, iandikieni barua fupi inayotaja kiwango cha 6 kuhusu bioanuwai, mkiambatanisha vipimo vyenu vya chemchemi. Benki huogopa hasara na aibu, na barua yenye ushahidi hufika mbali kuliko barua ya hasira.

Usalama sitaupitia kijuujuu. Fikile Ntshangase, aliyepinga upanuzi wa mgodi wa makaa ya mawe wa Somkhele katika mkoa wa KwaZulu-Natal, aliuawa kwa risasi nyumbani kwake mwezi Oktoba 2020. Kwa hiyo majina ya wanaopinga yasisambazwe kwenye makundi ya simu. Barua zitoke kwa jina la kamati. Msemaji asiwe mmoja peke yake. Vitisho viandikwe siku hiyohiyo, viripotiwe polisi na kwa asasi ya haki za binadamu, na namba ya taarifa ihifadhiwe. Mtu akitaka kujitoa kwa kuhofia familia yake, aruhusiwe bila kulaumiwa.

Mwisho, jadilianeni mapema jambo ambalo kamati nyingi hulikwepa: mnataka mradi usiwepo kabisa, au mko tayari kuukubali kwa masharti? Misimamo yote miwili ina watu wake wenye akili, lakini kampeni inayosema hapana asubuhi na kujadili fidia jioni hupoteza imani ya wanakijiji na ya jopo la rufaa. Kwa eneo lenye chemchemi zinazohudumia vijiji kadhaa, mimi ningeshika msimamo wa kukataa. Hata hivyo, msimamo huo hauwazuii kuandaa masharti mtakayoyadai endapo leseni ya uchimbaji itatolewa licha ya yote: umbali wa chini kati ya shimo na ardhioevu, kina cha maji katika visima vya uangalizi ambacho kikifikiwa kazi husimama yenyewe bila kusubiri kikao, vipimo vya kila mwezi kuchapishwa kwa Kiswahili, wanakijiji kuwepo sampuli zinapochotwa, na dhamana ya kufunga mgodi kuwekwa benki kamili kabla ya jembe la kwanza, ikijumuisha gharama za kusafisha maji kwa miaka mingi baada ya kampuni kuondoka. Pelekeni orodha hiyo kwa barua tofauti, ikisema wazi kwenye aya ya kwanza kwamba si ridhaa, na mpate mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.